Akidi ya Marehemu

Ukiwauliza mafundi wa mtaa ule kikao cha kweli hufanyika wapi, watakuambia ni kwenye benchi, si ukumbini. Ukumbini husomwa ajenda. Kwenye benchi ndiko watu husema wanachofikiri. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, mbele ya mlango wa karakana ya ushirika, na mwishoni mwake muuza kahawa huweka jiko lake tangu alfajiri. Hapo zimehukumiwa serikali, ndoa zisizo na idadi na marefa wote wa mpira. Lakini Jumanne ile asubuhi hapakuwa na mpira wala ndoa. Watu wanne walikaa na vikombe vyao, wamevaa nguo safi kuliko kawaida yao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Ukuta wa nyuma wa karakana haukuwepo tena.

Ulianguka Ijumaa saa nane mchana, ukamwangukia fundi viatu ambaye watu wote walimwita Soli, akiwa amekaa kwenye meza yake na kiatu cha mtu mkononi. Jumapili walimzika. Leo saa nne mkaguzi wa majengo angekuja, na alikuwa ametuma neno kwamba anataka kitu kimoja tu: daftari la kumbukumbu za vikao vya kamati ya ushirika.

Daftari hilo lilikuwa mapajani pa Ibara, katibu wa kamati. Ibara hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa karani wa ofisi miaka thelathini na moja, akastaafu, akafungua meza ya kujalidi vitabu ndani ya karakana, na tangu siku aliyochaguliwa kuwa katibu hakuacha kuwakumbusha wenzake ibara ya ngapi inasema nini. Katiba ya ushirika aliiandika mwenyewe, akaishona mwenyewe, akaitia jalada jekundu. Watu walimcheka, lakini pia walimwogopa kidogo, maana mtu anayejua kanuni ana kiboko ambacho hakionekani.

Aliyevunja ukimya alikuwa Nyundo, seremala, mwenyekiti wao, ambaye hufungua vikao kwa kugonga meza kwa nyundo yake ya kazi.

— Sisi hatuna kosa, alisema. Kosa lipi? Tuliahirisha tu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Mara tatu, alisema Mama Vifungo, fundi cherehani.

— Hata mara kumi. Kuahirisha si kukataa.

Mama Vifungo akageuza uso. Tangu mazishini alikuwa akilia kidogo kidogo, akijifuta kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye shughuli za watu.

Hapa inabidi tueleze, maana mtu asiyejua mambo ya kamati anaweza kudhani hawa ni watu wabaya, na hawakuwa watu wabaya. Kamati ina wajumbe tisa. Akidi, yaani idadi ambayo bila hiyo kikao si kikao, ni watano. Katika wale tisa, mmoja alihama mji, wawili hawasemezani na Nyundo, na wa nne hupokea kila barua ya mwaliko, akashukuru, asionekane. Kwa hiyo waliokuja kila mwezi walikuwa watano wale wale: Nyundo, Ibara, Mama Vifungo, fundi saa anayeitwa Dakika Moja, na Soli.

Miezi mitatu iliyopita Soli alisimama kikaoni akasema ukuta wa nyuma una ufa, na ufa huo sasa unaingia kiatu cha mtoto wa miaka mitatu. Alipima hivyo kwa sababu ndicho kipimo alichokuwa nacho. Ibara akanyoosha mkono kuhusu utaratibu. Ukuta huo, alisema, ndio ulio nyuma ya meza ya msemaji mwenyewe. Kwa ibara ya kumi na nne, mjumbe ambaye hoja inamgusa binafsi atatoka nje hoja yake ikijadiliwa. Soli akatoka, bila kinyongo. Alipotoka, Ibara akahesabu vichwa, akakuta vinne. Akidi imevunjika, hawawezi kujadili chochote. Wakamwita Soli arudi. Aliporudi akidi ikatimia, lakini sasa yupo ndani, kwa hiyo hoja yake haiwezi kujadiliwa. Nyundo akagonga meza, wakaenda kwenye ajenda ya rangi ya lango.

Mwezi wa pili ufa uliingia kiatu cha mwanamke. Soli akatoka, akidi ikavunjika, akaitwa. Mwezi wa tatu uliingia kiatu cha mwanamume, namba tisa. Siku hiyo, kabla ya kutoka, Soli alisema jambo moja zaidi. Alisema wahenga hawakukosea, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ibara akamwambia, kwa upole wake wote, kwamba methali si hoja, na haitaandikwa.

Kuna kioo kwenye mlango wa ukumbi. Mara zote tatu Ibara alimwona Soli pale nje, mikono nyuma, akingoja. Na mara zote tatu alipoitwa arudi aliuliza neno lile lile: "Mmeamua?" Kila Ibara alipolikumbuka neno hilo, tangu Ijumaa, alilifukuza kwa kusoma vifungu kichwani.

Nyundo sasa alikuwa ameshaweka kikombe chini. Alisema mkaguzi si mtu wa kuchezewa. Akisoma kwamba ukuta ulitajwa mara tatu, kamati nzima itakwenda kujieleza mbele ya watu wenye makoti. Lakini iko njia. Soli, Mungu amrehemu, alikuwa amepigilia misumari miwili ukutani ya kutundikia kamba za viatu. Watu wote waliiona. Kwa hiyo kumbukumbu ziseme kwamba kamati ilimkanya kuhusu misumari, na yeye hakusikia.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alimalizia.

— Nyundo, alisema Mama Vifungo. Guu?

— Ni methali tu, mama.

— Mtu tumemkusanya kwa beleshi.

Muuza kahawa alijaza vikombe bila kuulizwa, akarudi kwenye jiko lake.

Nyundo hakukata tamaa, alipunguza sauti tu. Alimwambia Ibara kwamba daftari hilo amelishona yeye, na hakuna mjini mtu wa kutoa kurasa tatu akarudisha tatu pasijulikane isipokuwa yeye. Ilikuwa kweli. Ibara alikuwa na uzi ule ule na karatasi ile ile mezani kwake. Kazi ya nusu saa.

— Haiwezekani, alisema Ibara.

— Kwa nini?

— Si utaratibu.

Hakusema ni dhambi, wala hakusema ni kumsingizia maiti. Alijisikia mwenyewe akisema si utaratibu, na akaona aibu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Akaendelea kueleza, kwa ile sauti yake ya ofisini, kwamba kumbukumbu hazibadilishwi kwa kisu. Hufanyiwa marekebisho kikaoni, siku ya kuzithibitisha. Na hizi tatu hazijathibitishwa bado, maana kila kikao muda ulikwisha kabla ya kuzifikia.

Hapo Dakika Moja akaamka. Fundi saa huyu alipewa jina hilo kwa sababu huomba dakika moja, akachukua nusu saa.

— Subirini kwanza. Hazijathibitishwa?

— Hazijathibitishwa.

— Basi si kumbukumbu. Ni mwandiko tu wa mtu kwenye karatasi.

— Kwa namna fulani, ndiyo.

— Na kama si kumbukumbu, basi hakuna kilichosemwa. Ukuta haukutajwa. Kisheria, ufa haukuwepo.

— Ufa ulikuwepo, Dakika, alisema Mama Vifungo.

— Ulikuwepo ukutani. Haukuwepo kikaoni. Ni vitu viwili.

Akaendelea. Alisema isitoshe, kila hoja ilipofika, Soli alikuwa nje. Na alipoitwa ndani, je, katibu aliandika saa aliyorudi? Ibara alikiri kwamba aliandika saa ya kutoka tu. Dakika Moja akapiga goti lake kofi. Kwa mujibu wa daftari, basi, Soli alitoka nje miezi mitatu iliyopita na hajarudi hadi leo. Mtu aliye nje ya kikao kamati haiwezi kumjibu, haiwezi kumsikia.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema, akatazama huku na huku kama anayengoja kupongezwa.

Hakupongezwa. Lakini uongo ukishaanza kupendeza huwa na hamu ya kukua, na Mama Vifungo, ambaye alikuwa akilia, naye akajikuta ameingia. Alisema yeye hana elimu ya vifungu, ila anakumbuka kitu. Nyundo alichaguliwa kwa miaka mitatu. Sasa ni mwaka wa tano.

Nyundo akauliza, kwa hiyo?

— Kwa hiyo wewe si mwenyekiti. Muda wako uliisha miaka miwili sasa. Na kama wewe si mwenyekiti, vile havikuwa vikao. Na kama havikuwa vikao, sisi hatukuwa kamati. Tulikuwa watu tu tumekaa chumbani.

Alilisema kwa matumaini kabisa, kama mtu aliyeona mlango. Kama hawakuwa kamati, hakuna aliyemkatalia Soli. Kisha akawaza kidogo, na wote wakaona uso wake ukibadilika.

— Lakini yeye alikuwa akimwambia nani, basi? aliuliza, akaanza kulia upya.

Nyundo alichukizwa na hilo la miaka miwili kuliko yote yaliyosemwa asubuhi ile. Alisema uenyekiti wake utajadiliwa siku yake, leo kuna moto kichwani. Akarudi kwa Ibara. Marekebisho hufanyika kikaoni, si ndiyo? Basi wafanye kikao sasa hivi, hapa hapa, wathibitishe kumbukumbu pamoja na marekebisho ya misumari, mkaguzi akija akute kila kitu kimekaa sawa.

— Tuko wanne, alisema Ibara.

Ndipo Nyundo akasema jambo ambalo hata muuza kahawa, mtu aliyesikia kila aina ya upuuzi kwenye benchi lile, aligeuka kumtazama.

— Wanne kivipi? Soli amejiuzulu?

— Soli amekufa, mwenyekiti.

— Sikuulizi kama amekufa. Nauliza kama kiti chake kimetangazwa kuwa wazi.

Macho ya Ibara yalishuka kwenye lile jalada jekundu la katiba lililokuwa chini ya daftari, na mikono yake, iliyozoea, ikalifungua yenyewe. Ibara ya tisa, kifungu cha pili. Aliikumbuka hata kabla ya kuifikia, maana yeye ndiye aliyeitunga: mjumbe ataendelea kuhesabiwa kuwa mjumbe hadi kiti chake kitakapotangazwa kuwa wazi na kikao halali. Wakati ule alikuwa akifikiria watu wanaohama mji. Kaburi halikumjia akilini.

— Inasemaje? aliuliza Nyundo.

— Inasema... bado ni mjumbe.

— Ahaa. Tupo watano.

— Kuwa mjumbe si kuhudhuria.

— Kaburi lake liko mtaa wa pili. Mwenyekiti anaweza kumruhusu mjumbe kushiriki akiwa mbali, si uliliweka mwenyewe wakati wa mafuriko?

Aliliweka. Ibara ya ishirini na mbili.

Dakika Moja alicheka, kicheko kibaya cha mtu asiyepata usingizi. Akasema kuna tatizo moja dogo. Hoja ni ya ukuta, na ukuta unamgusa marehemu binafsi kuliko mtu yeyote duniani. Ibara ya kumi na nne: lazima atoke nje. Na akitoka, wanabaki wanne.

Ibara alihisi kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya wakwe. Kanuni ile ile iliyomtoa Soli akiwa hai, sasa ilimtoa akiwa maiti, na kanuni ilikuwa ya kwake, kwa mkono wake, na alikuwa akijivunia jinsi ilivyonyooka. Alitaka kulifunga daftari aondoke. Lakini Nyundo hakuwa na haraka ya kushindwa. Alisema wakianza na kuthibitisha kumbukumbu, hapo hoja si ukuta, hoja ni karatasi. Na karatasi haimgusi marehemu. Wamhesabu kwenye karatasi tu. Kisha akamgeukia Ibara, na safari hii akazungumza taratibu, kama ndugu.

— Kaka, wewe ndiye uliyemtoa nje. Mimi niligonga meza tu. Mkaguzi akisoma, ataona mkono wa nani?

Hilo ndilo lililomvunja. Mzee wa watu, miaka thelathini na moja bila doa, akatoa kalamu mfukoni. Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaandika "Waliohudhuria." Moja, Nyundo. Mbili, Dakika Moja. Tatu, Mama Vifungo. Nne, yeye mwenyewe. Akaandika tano, na baada ya tano akaandika herufi mbili za jina la Soli, kwa mwandiko mzuri uleule anaousifia kila mtu.

— Shikamooni, wazee wangu.

Walishtuka wote. Mbele yao alisimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, khanga nyeusi begani. Walimjua tangu mazishini: binti pekee wa Soli, mwalimu wa shule ya msingi, aliyesafiri siku nzima kuja kumzika baba yake. Waliitika marahaba kwa sauti zisizolingana. Mama Vifungo alimsogezea nafasi, akamwita mwanangu, lakini hakukaa.

Alisema amekuja kuchukua vifaa vya baba vilivyopona, kisha ana basi la mchana. Ila kuna neno amelisikia matangani, watu wakinong'ona, na hawezi kupanda basi nalo. Wanasema baba yake aliuharibu ukuta mwenyewe kwa misumari. Mwanawe ana miaka sita, ameshaanza kuuliza kama babu alijiua.

— Nimeona nije niwaulize nyinyi mliokaa naye, alisema. Baba aliujua ule ukuta, au hakuujua?

Nyundo akaanza. Pole sana binti yetu, mambo haya yana taratibu zake, mkaguzi yuko njiani, kamati haiwezi kusema neno nje ya kikao. Aliongea vizuri, ndiyo maana walimchagua. Ibara alimsikiliza, na akasikia kila neno likiwa la kwake, alilomfundisha yeye. Alimtazama binti, akaona jinsi anavyosimama, mgongo umenyooka, mwenye subira, anangoja wakubwa wamalize. Hakuweza tena.

Alisimama, akampa daftari.

— Soma, mama, alisema. Baba yako alisema mara tatu. Yote yameandikwa humo, na alichosema bila kuandikwa nitakuambia mimi, na mkaguzi nitamwambia mimi. Mzee wako hakuwa na kosa.

Nyundo alinyoosha mkono kulizuia daftari, akaurudisha. Dakika Moja aliinamisha kichwa. Ibara alibaki wima, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alihisi pumzi inafika chini. Alijiona amefanya lililo sawa, na ni kweli alilifanya. Alidhani limetosha.

Binti alisoma polepole, kama mwalimu anavyosoma kazi za wanafunzi, kidole chini ya mstari. Mjumbe alieleza kuhusu ukuta. Mjumbe alitoka nje. Akidi haikutimia. Hoja iliahirishwa. Akafungua wa pili, akafungua wa tatu. Kisha akafika kwenye ukurasa wa leo, wino haujakauka vizuri. Alizitazama zile herufi mbili baada ya namba tano kwa muda mrefu. Hakuuliza ni za nini. Akalifunga, akamrudishia Ibara kwa mikono miwili, akamshukuru.

Kisha akawatazama wote wanne, mmoja mmoja, bila hasira yoyote usoni, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kulibeba.

— Naomba kuuliza jambo moja tu, alisema. Baada ya vikao hivi, kati yenu nani alikwenda kule nyuma kuutazama ukuta?

Nyundo alimtazama Dakika Moja. Dakika Moja alimtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Ibara alipekua kichwa chake chote, vifungu na vijifungu, akitafuta mahali palipoandikwa kwamba kutazama kunahitaji akidi, hakupata. Mara zote tatu kikao kilipofungwa, alitoka kwa mlango wa mbele pamoja na wenzake, wakaja kukaa hapa wakanywa kahawa.